Kina cha fokasi katika picha za watu zinazopigwa kwa kamera ndogo

Lenzi hulenga umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kilichoko kwenye umbali huo hutoka kikali. Vilivyo mbele na nyuma yake hupoteza ukali kidogo kidogo, mpaka jicho la mtazamaji linapoanza kuona ukungu. Eneo lote ambalo jicho bado linalikubali kuwa kali huitwa kina cha fokasi. Eneo hilo halina mpaka uliochorwa. Picha ya ukubwa wa kadi ya posta inaweza kuonekana kali kotekote, lakini hiyohiyo ikikuzwa kuwa bango la ukutani hudhihirika kwamba masikio ya mtu hayakuwa makali kama macho yake. Kwa hiyo vipimo vyote vya kina vinavyotajwa vitabuni, na vitakavyotajwa hapa, ni makadirio ya picha ya ukubwa wa kawaida inayotazamwa kwa umbali wa kawaida.

Katika picha za watu, kina kifupi kimekuwapo tangu karne ya 19, enzi za sahani kubwa za kioo na lenzi ndefu zilizoacha jicho likiwa kali na sikio likiwa ukungu hata pale mpigapicha asipokusudia. Faida yake iko wazi: uso ukitoka mkali na vya nyuma vikayeyuka, mtazamaji hana pengine pa kutazama. Kamera kubwa za kubadilisha lenzi hufanya hivyo bila shida. Kamera ndogo ya dijitali, ile ya kuingia mfukoni, huelekea kinyume. Mtu, mlango ulio nyuma yake, bodaboda iliyoegeshwa ng'ambo ya barabara na nguzo ya umeme inayoonekana kama imemwota kichwani, vyote hutoka vikali sawasawa.

Chanzo ni udogo wa kihisi, yaani kipande kinachopokea picha mahali pa filamu. Kamera nyingi za mfukoni hutumia kihisi kinachojulikana kwa kipimo cha 1/2.3, ambacho kina upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha milimita 4.6. Fremu ya filamu ya milimita 35, ambayo kamera kubwa za dijitali bado zinaifuata, ina milimita 36 kwa 24. Kihisi kikiwa kidogo kiasi hicho, lenzi nayo lazima iwe fupi ili ione eneo lilelile: kazi ambayo kwenye fremu ya filamu hufanywa na lenzi ya milimita 25, hapa hufanywa na lenzi ya milimita 4.5. Na lenzi fupi huwa na tundu dogo la kupitishia mwanga.

Namba ya f, ile inayoandikwa f/2.8 au f/5.6, haitaji ukubwa wa tundu hilo. Inataja uwiano. Urefu wa fokasi wa lenzi hugawanywa kwa namba hiyo, na jibu ndilo kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa kwa f/1.8 ina tundu la milimita 47. Lenzi ya milimita 4.5 iliyofunguliwa kwa f/3.5 ina tundu la milimita 1.3. Kwa kupima mwanga namba ya f ni kipimo kizuri, kwa kuwa f/3.5 humulika kihisi kwa nguvu ileile kwenye kamera yoyote. Kwa kupima ukungu inapotosha, na wauzaji wa kamera hawana haraka ya kulieleza hilo.

Mpigapicha wa kamera ndogo anaweza kuachana na majedwali akishika kanuni moja. Taa ndogo iliyo mbali sana nyuma ya mtu hutokea kwenye picha kama duara la ukungu, na duara hilo, likipimwa dhidi ya uso wa mtu aliyelengwa, huwa na ukubwa sawa na kipenyo halisi cha tundu la lenzi. Sehemu ya jicho la binadamu yenye rangi ina kipenyo cha milimita 12 hivi. Tundu la milimita 47 basi hugeuza kila taa ya mbali kuwa duara linaloweza kufunika jicho zima pamoja na nyusi. Tundu la milimita 1.3 hutoa duara dogo kuliko hata kitundu cheusi kilicho katikati ya jicho, na ukungu mdogo namna hiyo haumfichi mtu yeyote anayepita nyuma.

Kwa kamera nyingi namba zinazohitajika zimechapishwa kwenye pete ya lenzi. Sony RX100 iliyotoka mwaka 2012 ina kihisi cha inchi 1, ambacho kwa kweli ni milimita 13.2 kwa 8.8, na lenzi ya milimita 10.4 hadi 37.1 yenye f/1.8 hadi f/4.9. Tundu lake ni milimita 5.8 lenzi ikiwa haijavutwa na milimita 7.6 ikivutwa hadi mwisho. Canon PowerShot G7 X ya mwaka 2014 ina kihisi cha ukubwa uleule, lakini lenzi yake ya milimita 8.8 hadi 36.8 hufika f/2.8 ikivutwa, na tundu lake hukua kutoka milimita 4.9 hadi 13.1. Canon PowerShot SX260 HS ya mwaka 2012, yenye kihisi kidogo cha 1/2.3, ina lenzi ya milimita 4.5 hadi 90 yenye f/3.5 hadi f/6.8. Tundu lake huanzia milimita 1.3 na kufika 13.2. Kwa namba za f pekee, kamera hii ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote. Kwa tundu halisi, ikivutwa hadi mwisho, haipitwi na G7 X. Pete au tangazo likionyesha 25–500 badala ya 4.5–90, hizo ni namba za kulinganishia na filamu na hazifai kwa hesabu hii.

Mfano wa kamera hiyo ya tatu unatosha kuonyesha jambo ambalo wengi huchanganya, yaani tofauti kati ya kina cha fokasi na ukungu wa mandharinyuma. Picha ya mtu kuanzia kifuani hadi juu ya kichwa, kimo cha sentimita 70 hivi kamera ikiwa imesimamishwa wima, inaweza kupigwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusimama nusu mita kutoka kwa mtu lenzi ikiwa haijavutwa. Ya pili ni kurudi nyuma hadi mita 10 na kuvuta lenzi hadi mwisho. Kwa njia ya kwanza kina cha fokasi ni kama sentimita 60. Kwa njia ya pili ni kama sentimita 90, yaani kirefu zaidi, kwa sababu tundu limebanwa hadi f/6.8. Anayesoma jedwali la kina peke yake atadhani njia ya kwanza ndiyo bora. Lakini ukungu wa vitu vya mbali hufuata kipenyo cha tundu, na kwa njia ya pili tundu ni pana mara 10. Uso wote hutoka mkali, kuanzia ncha ya pua hadi nyuma ya masikio, huku mandharinyuma ikiyeyuka. Kwa picha ya mtu hakuna mchanganyiko bora kuliko huo, na ndiyo sababu ya kutoulilia ufupi wa kina: uso wenye jicho moja kali na jingine lenye ukungu ni mtindo unaochosha upesi.

Kanuni ya duara hapo juu ilihusu taa iliyo mbali sana. Mandharinyuma ikiwa karibu, duara hupungua, na upungufu wenyewe hukadiriwa kwa kugawanya umbali kutoka kwa mtu hadi kitu cha nyuma kwa umbali kutoka kwa kamera hadi kitu hicho. Mtu akiwa mita 3 kutoka kwa kamera na ukuta ukiwa mita 3 nyuma yake, hupatikana nusu ya ukungu wote unaowezekana. Ukuta ukiwa mita 6 nyuma yake hupatikana theluthi mbili. Mita 9, robo tatu. Zaidi ya hapo kila mita inayoongezwa huleta faida ndogo. Mtu aliyeegemea ukuta hana ukungu nyuma yake hata akipigwa kwa kamera ya mamilioni ya shilingi.

Uwiano huo unaeleza pia kwa nini kuvuta lenzi peke yake wakati mwingine hakusaidii. Katika mfano wa SX260, mandharinyuma ikiwa mita 10 nyuma ya mtu, njia ya kusimama karibu hutoa duara la milimita 1.2 na njia ya kuvuta hutoa milimita 6.6, tofauti ya zaidi ya mara 5. Mandharinyuma ikiwa mita 1 tu nyuma yake, ya kwanza hutoa milimita 0.9 na ya pili 1.2. Mpigapicha amerudi nyuma mita 9 na nusu, amekuwa akipaza sauti ili asikike, na alichopata ni kidogo mno. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumsogeza mtu kutoka ukutani. Kuvuta lenzi huja baadaye.

Nafasi ikiwa finyu, kama kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar ambamo kuta mbili zinaweza kuguswa kwa mikono iliyonyooshwa, mtu asiwekwe akiutazama ukuta wa pili. Akae upande mmoja wa kichochoro na kamera ielekezwe kwa urefu wa njia, ili nyuma yake pawe na mita 20 au 30 za hewa kabla ya kona. Kwenye veranda kamera huelekezwa kwa urefu wa veranda badala ya kuelekezwa ukutani. Chumbani, mlango uliofunguliwa kwenda ukumbini huongeza mita kadhaa ambazo chumba chenyewe hakina.

Kuhusu kiasi cha kuvuta, mwisho kabisa wa lenzi si lazima uwe mahali pa kufanyia kazi. Kamera inayovuta mara 20 humlazimu mpigapicha kusimama mbali na mtu wake, na mazungumzo yanayolegeza uso hukatika. Mita 2 hadi 5 ni umbali unaofaa watu wengi. Ukaribu una hasara yake pia, nayo haihusiani na ukungu hata kidogo: kwa nusu mita, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa kiasi kinachoonekana, na hutoka kubwa kupita ilivyo huku masikio yakijificha. Lawama hutupiwa lenzi, kumbe kosa ni la umbali. Kuanzia mita 1.5 hivi uso hurudia umbo ambalo jamaa zake wanalifahamu, na kwa umbali huo lenzi huwa lazima ivutwe ili uso ujaze fremu. Mahitaji mawili, ya umbo na ya ukungu, yanakwenda njia moja.

Kuvuta kunakohesabika ni kule kwa lenzi yenyewe, ambako vioo vyake husogea. Kuvuta kwa kidijitali hukata tu kipande cha katikati ya picha na kukikuza. Tundu la lenzi hubaki vilevile na ukali hupungua. Kamera nyingi huunganisha aina hizo mbili kwenye kitufe kimoja na kuweka alama ndogo kwenye kioo panapoishia ya kwanza. Ni afadhali kuizima ile ya kidijitali kwenye menyu, mara moja tu, na kuisahau.

Baada ya mahali na umbali ndipo mipangilio ya kamera inapokuja. Kamera yenye hali ya A, au Av kwa kamera za Canon, humruhusu mpigapicha kuchagua namba ya f mwenyewe, na kwa picha ya mtu mmoja huchaguliwa ndogo kuliko zote inayopatikana pale lenzi ilipovutwa. Kwa vihisi vidogo hakuna hasara kubwa ya kufungua tundu lote, kinyume na lenzi nyingi za kamera kubwa ambazo hunoga zikibanwa kidogo. Kubana ndiko kwenye hasara: kwenye kihisi cha 1/2.3, f/8 hulainisha picha nzima, kwa kuwa mwanga unaopita kwenye tundu dogo mno hutawanyika.

Kamera isiyo na hali hiyo karibu kila mara huwa na alama ya kichwa cha mtu kati ya mipangilio yake. Mpangilio huo huelekea kufungua tundu, ingawa kamera nyingine huongeza pia ulainishaji wa ngozi ambao hauombwi na mtu yeyote. Njia nyingine ni kupiga kivulini: mwanga ukiwa wa wastani kamera hufungua tundu yenyewe, maana haina jinsi. Ieleweke pia kwamba baadhi ya kamera za bei ya chini hazina tundu linalobadilika kabisa. Jua likiwa kali hushusha kichujio cha kijivu ndani ya lenzi na kuandika namba ya f kubwa zaidi kwenye kioo, lakini ukungu haubadiliki hata kidogo. Mwenye kamera ya namna hiyo hakosi kitu cha maana, kwa sababu tundu lake huwa limefunguka lote wakati wote.

Jua la saa sita huleta tatizo la kinyume kwa kamera zenye tundu kubwa. Kwa ISO 100 (kipimo cha unyeti wa kihisi kwa mwanga) kwenye jua wazi, f/2.8 huhitaji kasi ya shata ya kama 1/3200 ya sekunde, na f/1.8 huhitaji kama 1/8000. RX100 ya kwanza huishia 1/2000, kwa hiyo ikiwa f/1.8 picha hutoka nyeupe mno au kamera hulazimika kubana tundu. G7 X ina kichujio cha kijivu cha ndani kinachopunguza mwanga mara 8, na kazi yake hasa ni hiyo. Asiye nacho amsogeze mtu kivulini, chini ya mwembe au barazani. Uso wenyewe utashukuru, kwani jua la utosini huchimba mashimo meusi machoni.

Kulenga kwa kamera ndogo ni rahisi kuliko kwa kamera kubwa, kwa kuwa kina cha sentimita 90 husamehe. Utambuzi wa nyuso uliomo kwenye kamera hizi hutosha mara nyingi. Huteleza pale mtu anapogeuka upande, anapovaa kofia pana au miwani ya jua, au pale uso mwingine unapokuwa nyuma kwenye picha ya ukutani. Hapo ni bora kuchagua nukta moja ya kati, kuiweka kwenye jicho lililo karibu na kamera, kubonyeza kitufe nusu, kisha kupanga fremu bila kuachia. Kinachowasumbua wengi ni umbali wa chini wa kulenga. Kamera inayoweza kulenga ua kwa sentimita 5 lenzi ikiwa haijavutwa, haiwezi kufanya hivyo ikivutwa: RX100 huhitaji sentimita 55 na G7 X sentimita 40. Kamera ikikataa kulenga, ikiwa na alama nyekundu au ya njano badala ya kijani, dawa ni kurudi nyuma hatua moja.

Lenzi iliyovutwa hukuza pia mtikisiko wa mkono, na ukungu wa mtikisiko huharibu macho ya mtu pamoja na mandharinyuma. Kanuni ya zamani ya filamu ilitaka kasi ya shata isipungue 1 ikigawanywa kwa urefu wa lenzi kwa namba za kulinganishia. Lenzi ya 250 ipewe 1/250. Vidhibiti mtikisiko vya siku hizi vinaruhusu kasi ndogo zaidi kwa vitu vilivyotulia, lakini mtu hupepesa macho na kupumua, na havimdhibiti yeye. Chini ya 1/125 ni kubahatisha. Kivulini, f/6.8 ikiambatana na ISO 100 inaweza kushusha kasi hadi 1/60 au chini yake. Kupandisha ISO hadi 400 huirudisha kwenye 1/250. Chembechembe kidogo kwenye picha ni bei nafuu kulipia macho makali.

Yote hayo yakiwa tayari, mandharinyuma bado ndiyo inayoamua, na hapa kamera ndogo humdai mpigapicha akili zaidi ya mwenye kamera kubwa. Duara la milimita 7 halifuti kitu, hulainisha tu. Vitu vyenye madoa madogo ya mwanga na kivuli, kama majani ya mwarobaini yanayopenyezwa na jua, hugeuka kuwa fujo ya madoadoa yanayovuta macho kuliko yangekuwa makali. Bati la migongo huacha mistari. Nyavu za dirisha, fito za ua na makuti ya paa hutoa michirizi. Maandishi makubwa ya duka hubaki yakisomeka, kwa sababu kuvuta lenzi hukuza herufi pamoja na ukungu wenyewe, na jicho la binadamu haliwezi kuyaona maandishi lisiyasome.

Panapofaa ni penye mapana ya rangi moja na mabadiliko ya polepole. Bahari na mbingu nyuma ya mtu aliyekaa ukingoni mwa Forodhani, Zanzibar, mchana wa mawingu. Shamba la majani ya chai. Ukuta wa chokaa ulio mbali. Kivuli kizito cha ndani ya mlango uliofunguliwa. Ukungu mdogo unatosha kwenye mandhari kama hizo, kwa sababu hapakuwa na kitu kingi cha kufutwa. Kwa kuwa lenzi iliyovutwa huona kipande kidogo tu cha mandharinyuma, hatua moja kushoto au kulia hubadilisha kila kitu kilicho nyuma bila kumgusa mtu. Kuchuchumaa huleta mbingu nyuma ya kichwa, na kupanda juu ya ngazi mbili huleta mchanga au nyasi. Kabla ya kubonyeza, kingo za fremu zikaguliwe kwanza na kisha mstari unaozunguka kichwa na mabega. Penye nguzo, upeo wa macho unaokata shingo, au weupe mkali, hatua nyingine ichukuliwe.

Mwanga hutenganisha kwa nguvu kuliko ukungu, na hili halihesabiwi inavyostahili. Mtu aliyekaa kizingitini, mwanga wa nje ukimwangukia usoni na chumba chenye giza kikiwa nyuma yake, hutoka amejitenga kabisa hata kwa kamera yenye tundu la milimita 1.3. Kamera yenye kipimo cha otomatiki huelekea kumulika chumba kile na kuuchoma uso; kufidia kwa kupunguza hatua 1 au zaidi hurudisha giza mahali pake. Jioni, flashi ndogo ya kamera hufanya jambo la aina hiyo, maana nguvu yake hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka: aliye mita 2 hupata mwanga, na kilicho mita 6 hupata sehemu 1 kati ya 9 ya mwanga huo. Picha ya flashi ya mbele haina uzuri mwingi, hilo likubaliwe. Rangi nazo husaidia. Vazi jekundu mbele ya kijani, au kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa udongo, humtoa mtu mbele bila hesabu yoyote.

Kuna picha za watu ambazo kina kirefu ndicho kinachozifaa, na hapo kamera ndogo hupata nafasi yake halisi. Fundi seremala kati ya randa zake, mama muuza samaki na meza yake, daktari wa kijiji mbele ya kabati la dawa: ukungu ungewanyang'anya watu hao nusu ya habari zao. Arnold Newman wa Marekani alijulikana kwa picha za namna hii, akiwapiga wasanii na wanasiasa ndani ya mazingira ya kazi zao. Kwa kazi hiyo SX260 isiyovutwa, ikilengwa kama mita 1.1, hutoa ukali kuanzia kama nusu mita hadi upeo wa macho. Picha za kundi ni vivyo hivyo. Familia iliyopangwa safu tatu haihitaji hesabu ya nani atakuwa mkali. Mpigapicha hulenga safu ya kwanza au ya pili na kushughulika na waliofumba macho.

Njia nyingine ya kuishi na kina kirefu ni kuchagua mandharinyuma inayostahili kuonekana. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga wateja wake mbele ya vitambaa vyenye nakshi vilivyotundikwa nyuma yao. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake. Vazi la nakshi mbele ya kitambaa cha nakshi ni shauri ambalo vitabu vingi vingelikataza, na picha hizo leo zimo kwenye makumbusho. Mwenye kamera ndogo anaweza kutundika kitenge au kanga nyuma ya mtu kwa kamba na vibanio vya nguo. Kanga ina shida moja, kwamba maneno yake, yaani jina lake, yatasomwa. Ama jina lishushwe chini ya fremu, ama lichaguliwe kwa makusudi, kwa kuwa kila mtazamaji atadhani mpigwa picha ndiye anayelisema.

Ukungu wa kutengenezwa baadaye ni jambo la kutajwa kwa kifupi. Simu zimekuwa zikiutengeneza kwa hesabu tangu miaka ya kati ya 2010, na programu za kompyuta huufanya kwa kuzungushia mtu mpaka. Hukosea palepale daima: nywele zilizosimama, fremu za miwani, hereni, ukingo wa mtandio mwepesi, nafasi kati ya mkono na kiuno. Kosa jingine ni kuweka ukungu uleule kwa kila kitu kilicho nyuma ya mtu, wakati ukungu wa lenzi hukua kadiri umbali unavyokua na huiacha ardhi iliyo miguuni pake ikiwa kali. Kwa picha ya kamera ndogo iliyopangwa vizuri, mara nyingi inatosha kuipunguzia mandharinyuma mwanga na rangi kidogo na kuacha ukungu jinsi lenzi ilivyoutoa.

Kioo cha nyuma ya kamera hakiaminiki katika mambo haya. Ni kidogo, na kila picha huonekana kali juu yake. Baada ya kupiga mara mbili tatu, picha ikuzwe kwenye kioo hadi jicho lijaze nafasi yote: kope zikihesabika, fokasi iko mahali pake, zikiwa zimevutana upande mmoja, mkono ulitikisika na shata iongezwe kasi, zikiwa laini huku kola ya shati ikiwa kali, nukta ya kulenga iliteremka. Kisha picha isogezwe ili kingo na vya nyuma vikaguliwe. Ukaguzi huo ufanywe mtu akiwa bado amekaa.